Dua Iliyofunga Mlango

Siku Meneja wa kiwanda cha kuku alipowakaribisha yeye na Shehe ofisini kwa soda baridi, Mchungaji alijua kuna jambo. Asijue vipi? Mtu aliyekuwa akiwaacha getini wanachomwa na jua kwenye benchi la walinzi, leo anawavutia viti kwa mkono wake mwenyewe, tena anafuta na vumbi! Huyo ana shida, na shida yenyewe imemfika hapa shingoni.

"Karibuni sana, viongozi wetu," Meneja akasema, akimsogezea Shehe kiti chenye mto. "Kwanza niwaombe radhi kwa zile siku nyingine. Kazi zilinizidi."

"Wala usijali," Shehe akajibu. "Lile benchi lako tulishalizoea. Mimi hata nyumbani nikikaa kwenye kochi nalikumbuka."

Mchungaji aliinamia soda yake asije akacheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti nzito kuliko umbo lake, na watu walimwita Mama Mchungaji kama vile ni mke wa mchungaji. Alishachoka kuwasahihisha. Mchungaji ni yeye, mumewe ni fundi cherehani, na fundi mwenyewe alishakubali yaishe, mtaa mzima unamwita Baba Mchungaji na anaitika. Kwenye kibanda chake cha kushonea ndiko kamati ya dini zote ilikokutana, maana kanisani Waislamu wangeona haya, na msikitini Wakristo wangekaa roho juu. Kwa fundi kila mtu ana nguo ya kushonesha, hakuna wa kuuliza umefuata nini. Shehe alimwita Mchungaji dada, kwa hiyo fundi akawa shemeji, na utani wa mashemeji ukawaunganisha kuliko semina zote walizowahi kuitwa.

Kamati ilikuwa imefunga safari nyingi kuja kiwandani hapa. Walitaka mishahara ya akina mama wanaokata na kufungasha kuku, mishahara isiyotosha hata mlo wa watoto wao, ipandishwe. Na walitaka komeo la chumba cha barafu litolewe. Hilo la pili ndilo lililomnyima Mchungaji usingizi.

Ilikuwa hivi. Akina mama wakiingia chumba cha barafu kupanga maboksi, Mlinzi anawafungia kwa nje, anatia komeo na kufuli, mpaka wamalize na wakaguliwe. Eti wanaiba mapaja ya kuku, wanayaficha ndani ya makoti. Kitasa cha ndani Meneja alishaking'oa. Siku moja Mlinzi alimfungia msichana mmoja peke yake, na kabla hajamfungulia, Meneja akamtuma mjini akamnunulie chakula cha mchana. Mashine ya kunyonyoa manyoya inanguruma, nani atasikia? Mlinzi aliporudi na mfuko wa chakula mkononi, msichana alikuwa ameanguka mlangoni, ngumi zimechubuka. Daktari wa kiwanda akasema moyo wake ulisimama. Sasa moyo gani hausimami kwenye barafu, jamani? Mtu na usomi wake anasema hivyo bila kuona haya.

Msichana huyo walimwita Chiriku, kwa kuimba. Aliimba kwaya kwa Mchungaji, mstari wa mbele, akichelewesha pambio makusudi ili wenzake wamfuate mbio. Na baada ya mazishi, kila mashine zilipozimwa mchana ili sakafu ioshwe, mlango ule ulianza kugongwa kwa ndani.

"Ni mambo ya hofu tu," Meneja alisema sasa, akifuta jasho. "Lakini wanawake wamegoma kuingia mlango ukifungwa. Nimetoa kufuli, wameuwekea mlango kreti usijifunge. Baridi yote inatoka nje! Umeme unanimaliza. Nawaombeni, njoni mumwombee huyo binti aende zake, watu wafanye kazi."

"Wewe umewahi kumsikia?" Mchungaji akauliza.

Meneja akatazama dirishani. "Mimi mchana huwa natoka," akasema.

*

"Dada yangu, unaona tulipofika?" Shehe akasema walipokaa kibandani kwa fundi. "Sisi tumekwenda pale na maneno yetu yote mazuri, haki za binadamu, utu, maandiko, tukaambulia jua. Marehemu kagonga tu, mlango ukaachwa wazi. Leo tunaambiwa tumwondoe."

"Tukimwombea apumzike, mlango unafungwa," Mchungaji akasema.

"Unafungwa, na kufuli juu."

Fundi alikanyaga cherehani kidogo, akaacha. "Na msipomwombea, mama yake je?" akauliza.

Hapo ndipo kwenye kidonda. Mama Chiriku alikuwa amemwendea Mchungaji wiki ileile, amekonda, kanga haimkai. Akamwambia: mwanangu anagonga. Wenzake wameniambia. Kumbe mpaka sasa anasikia baridi, Mchungaji? Mwombee alale. Na Mchungaji akamshika mikono akamwahidi. Angefanya nini? Kumwambia mama wa watu kwamba mwanawe anafaa zaidi akiwa hajapumzika? Mchungaji alijichukia kwa kuliwaza jambo hilo, lakini alikuwa ameliwaza, na lilikuwa kweli. Nusu ya wanawake wa kile chumba walikaa kwenye mabenchi yake kila Jumapili. Nusu nyingine waliswali nyuma ya pazia kwa Shehe.

Wakapatana hivi: komeo kwanza, dua baadaye. Meneja alete fundi wa kuchomelea, alikate komeo mbele ya macho ya wote. Likianguka chini, wanamwombea binti apumzike, na mama yake anapata anachokililia. Likiwa bado lipo, hawatamki hata neno.

"Hata neno, dada," Shehe akasisitiza. "Mimi na wewe tunajuana."

Walijuana kweli. Miaka yote ya kamati, kwenye misiba, kwenye maandamano, mbele ya ofisi za wakubwa, desturi yao ilikuwa moja: mmoja akiomba, mwingine anaitikia Amina, na watu wote nyuma yao wanaitikia. Hawakuulizana nani aanze. Ilishakuwa kama kupiga chafya na mtu kukuambia afya. Shehe alishawahi kuitikia Amina Mchungaji alipokuwa anakemea mbwa, fundi akacheka mpaka akajichoma sindano.

*

Siku ya siku, ukumbi wa kufungashia ulikuwa umeoshwa ukang'aa. Akina mama walijipanga na mabuti yao ya mpira na aproni, nywele ndani ya vifuniko. Mashine zilikuwa zimezimwa. Chumba cha barafu kilikuwa mwisho wa ukumbi, mlango wake wa bati mnene umeachwa wazi kidogo, kreti la plastiki chini yake, na moshi wa baridi ukitambaa sakafuni. Komeo lilikuwa palepale.

"Fundi wa kuchomelea yuko njiani," Meneja akasema. "Tuanze tu dua, atatukuta."

"Tutamsubiri," Shehe akasema, akafunga mdomo. Mchungaji naye akafunga wake. Wakasimama hivyo kama wanakwaya waliosahau wimbo, na Meneja akawa anatazama saa yake na kukohoa.

Ndipo ulipogongwa.

Haikuwa kelele kubwa. Ilikuwa ngumi ya mtu anayeona aibu kusumbua, kisha ngumi ya mtu anayeanza kuogopa. Mlango uko wazi, mtu angeweza kutoka tu, lakini ngumi zilipiga bati kwa ndani kana kwamba limefungwa. Mchungaji alikuwa amesimulia habari za roho maisha yake yote, na hakuwahi kufikiri kwamba roho inaweza kuwa na mkono mdogo namna ile.

Mlango wa nje wa ukumbi ukafunguliwa, akaingia Mama Chiriku. Mchungaji hakuwa amemwita. Wala Shehe. Gari la kiwanda ndilo lililomfuata nyumbani, na uso wa Meneja, ukiutazama vizuri, haukuonyesha kushangaa hata kidogo. Mshenzi yule! Alijua anachokifanya.

Mama alipita katikati ya watu kama hawaoni. Akafika mlangoni, akaweka kiganja juu ya bati, pale pale zilipokuwa zinapiga ngumi.

"Nipo, mwanangu," akasema. "Nipo hapa."

Ngumi zikaongezeka. Zikapiga haraka, kwa fujo, bila mpango, kama mtoto aliyesikia hatua za mzazi. Mama akatoa sauti ambayo Mchungaji hakuwahi kuisikia hata makaburini, akaporomoka. Mchungaji akamdaka. Alikuwa amedaka wajane na wafiwa wangapi kwa mikono hiyohiyo! Mikono ilijua kazi yake, na mdomo ukaifuata mikono bila kumwuliza mwenyewe.

"Mungu amlaze mahali pema," akasema kwenye sikio la mama, kwa ile sauti yake nzito inayofika nyuma ya kanisa. "Ampe pumziko, amwondolee baridi, asigonge tena."

"Amina," akasema Shehe.

"Amina," wakasema akina mama wote.

Kimya.

Maji yalidondoka mahali fulani kwenye bomba. Shehe aliweka mkono mdomoni, lakini neno lilishatoka. Mchungaji alimtazama, naye akamtazama, na wote wawili wakajua wamefanya nini. Mama Chiriku akavuta pumzi ndefu, uso wake ukalegea, machozi yakashuka polepole bila kilio.

"Amelala," akanong'ona. "Mchungaji, mwanangu amelala. Mungu akulipe."

Meneja alisubiri dakika moja hivi kwa adabu. Kisha akalisukuma kreti kwa ncha ya kiatu, mlango ukarudi taratibu kwa uzito wake mwenyewe ukajishindilia.

"Fundi wako wa kuchomelea yuko wapi?" Shehe akamkaba.

"Wa nini tena?" Meneja akajibu. "Si mmeshamaliza?"

Lakini kilichomuua Mchungaji si Meneja. Ni wale akina mama. Mmoja wao, anayekaa benchi la pili kila Jumapili, alikuja akamshika mkono kwa furaha. "Asante, Mama Mchungaji. Sasa tutafanya kazi kwa amani. Tulishaogopa kumwaga unga wetu." Akavaa koti zito, wenzake wakavaa yao, wakaingia ndani. Mlinzi, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, akasukuma komeo.

*

Siku zilizofuata Mchungaji alikuwa mtu wa kusikiliza kimya. Alisikiliza mlango wa jiko lake. Alisikiliza kabati. Alikuwa akikatiza kengele ya kanisa mkono ukiwa bado kwenye kamba, kuhakikisha hakuna kinachogonga nyuma ya mlio wake, na hakukuwa na kitu. Hicho ndicho kilichomtisha. Kwaya ilipoimba, alisimama mbele yao akiwaza wanawake waliofungiwa saa ile, na ilipofika mahali pa kusema Amina ulimi ukamganda. Fundi akamsema, kula, mke wangu, utaanguka. Hakula.

Shehe naye hakuwa salama. Alikuja kibandani macho mekundu. "Jana nimetulia katikati ya dua, watu wakadhani nimeshikwa na kiharusi," akasema. "Kila nikitaka kuitikia, namwona yule bwana anasukuma kreti kwa kiatu." Hakufanya utani wowote, na fundi aliona kwamba hali ni mbaya. Wawili hao walirudi kiwandani mara kwa mara kumdai Meneja komeo. Benchi likawapokea.

Ndipo Mama Chiriku alipokuja kibandani. Alikuwa amenenepa kidogo, kanga imemkaa. Akasalimia, akapewa kigoda, akakataa kukaa.

"Jirani yangu karudi kazini vidole vimekufa ganzi," akasema. "Ananiambia wanafungiwa tena. Kaka Shehe, ni kweli?"

"Kweli, dada."

"Kwa komeo lile lile?"

"Lile lile."

"Kwa nini walikubali?"

Mchungaji angeweza kumtupia Meneja lawama, na asingekuwa ameongopa sana. Akapiga moyo konde. "Kwa sababu mwanao hagongi tena," akasema. "Tulipomlaza, waliacha kuogopa. Mimi ndiye niliyemlaza kabla komeo halijakatwa. Kosa ni langu, mama."

"Ni letu," Shehe akasema.

Mama alitazama nguo zilizotundikwa, sare za shule, magauni ya harusi ya watu. Fundi akajifanya anatafuta mkasi.

"Basi mwamsheni," akasema.

"Mama..."

"Mmenisikia. Mwamsheni. Kuna watoto wa wenzangu mle ndani."

"Hakuna dua ya kumwamsha mtu aliyelala," Shehe akasema taratibu. "Si kwetu, si kwao."

"Ya kumlaza mlikuwa nayo." Hakusema kwa hasira, na bora angekuwa na hasira. Akajifunga kanga kiunoni. "Basi. Mimi nilikuwa namwamsha kila asubuhi kwenda kazini huko. Sikuwahi kutumia dua."

*

Mlinzi alipomwona nani anakuja getini, hakuuliza kitu. Tangu siku ile ya chakula cha mchana hakuwahi kumtazama Mama Chiriku usoni, na hakumtazama sasa. Alifungua geti lote, hata upande wa malori, akawafuata nyuma wote watatu, kufuli zikigongana kiunoni mwake.

Sakafu ilikuwa inaoshwa. Mashine zilikuwa kimya. Chumba cha barafu kilikuwa kimefungwa, komeo ndani ya tundu lake, kufuli juu, na nyuma ya bati lile nene wanawake walikuwa wanapanga maboksi bila kusikika.

Mchungaji alitaka kumzuia mama. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani asijibiwe. Akiitika, huyu mama atakuwa amemrudisha mwanawe kwenye baridi kwa kinywa chake mwenyewe. Asipoitika, komeo litabaki. Alimshika Shehe mkono wa kanzu kama mtoto mdogo, na Shehe hakuutoa.

Mama Chiriku hakupiga magoti wala hakuinua mikono. Alisimama mkono kiunoni, kama mtu aliyesimama mlangoni pa chumba cha bintiye na chai inapoa.

"Chiriku!" akaita. "We Chiriku! Amka, kumekucha!"

Hakuna kitu. Meneja alikuwa anashuka ngazi za ofisini, anauliza nani kaingiza watu. Mama akakaza sauti, nayo ikapasuka katikati.

"Chiriku, mwanangu! Amka, mama nakuita! Wenzako wanakungoja!"

"Abee, mama!"

Ilitoka nyuma ya bati, nyembamba kwa unene wa mlango, sauti za wanawake wengi kwa pamoja. Nani angesikia mama anaita kwa sauti ile akanyamaza? Waliitika wote, wa benchi la pili na wa nyuma ya pazia, na wakaitika tena, "Abee! Abee, mama! Tufungulie!" Na katikati yao Mchungaji alisikia mmoja anayechelewa, anayevuta neno makusudi ili wenzake wamfuate.

Mlinzi hakungoja amri. Alichomeka ufunguo, ukamponyoka, akauokota, akafungua kufuli, akavuta komeo.

Wakatoka na moshi wao, kope zina ukungu mweupe, wakimkimbilia mama. "Shikamoo mama. Shikamoo." Mama alimshika kila mmoja shavu, akamtazama usoni vizuri, akamwachia, akamtazama anayefuata. Alipotoka wa mwisho, akaendelea kutazama ndani.

"Funga huo mlango!" Meneja akapiga kelele. "Baridi inatoka!"

Mlinzi akaushika mlango.

"Bado," mama akamwambia. "Kuna aliyeitika, hajatoka."

Mlinzi akachungulia ndani ya ule weupe. Wanawake wakatazamana, wakahesabiana kwa macho. Meneja akaita tena, safari hii kwa sauti ndogo, na hakusogea hata hatua moja kuja kuufunga mwenyewe. Mlinzi akaondoa mkono.

Mama Chiriku akavua kanga yake ya juu, akaikunja vizuri mikononi kama mtu aliyebeba kitu cha kumfunika mtoto, akaketi pale kizingitini, mgongo kwa watu wote. Mchungaji akakaa upande wake mmoja, Shehe upande wa pili, mlango wazi mbele yao. Hakuna aliyeomba. Baridi ilipoanza kuwapanda miguuni, mama akasema bila kugeuka, "Ana tabia ya kuchelewa huyu," wakaendelea kumngoja.